Walimwiba Bibi: Barua Kutoka Glasgow

Kwa Baba Mdogo, na kwa jamaa wote wa Hamugembe, Bukoba, wakubwa kwa wadogo,

Ama baada ya salamu, ambazo laiti ningalikuwa mbele yenu ningalizitoa kwa utaratibu wake wote, nikianzia kwa wazee na kuulizia hali ya kila mmoja mpaka nifike kwenye migomba na mbuzi, nawaarifu kwamba mimi ni mzima, kazi ninayo, na baridi ninayo pia, kwa kuwa huku hakuna apewaye kazi bila ya baridi. Barua yako, Baba Mdogo, imenifikia salama, pamoja na ile insha ya Kiingereza ya binti yako, mdogo wangu wa kidato cha tatu, ambayo mwalimu wake ameirudisha ikiwa imepigwa wino mwekundu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nawe umeniagiza, maadamu mimi ndiye niishiye na wenye lugha, niisome kwa makini kisha nitoe hukumu, iwapo mwalimu amemwonea mtoto, au mtoto ameiaibisha nyumba ya watu waliosoma.

Hayo maneno ya mwisho yamenichekesha, si kwa dharau bali kwa kuyatambua. Wenzetu wa mikoa mingine wametupachika Wahaya jina la "Nshomile", yaani watu wa "nimesoma mimi", wakidai kwamba Mhaya akikanyagwa kidole sokoni hulia kwa Kiingereza. Nasi, badala ya kukasirika, tumelipokea jina hilo kana kwamba lilitolewa na chuo kikuu. Hatima yake ni kwamba katika nyumba zetu mtoto aweza kusamehewa kumpoteza mbuzi, lakini hasamehewi kukosea kitenzi. Kwa hiyo nimeifanya kazi uliyoniagiza kwa uzito unaostahili, na ushahidi nimeutafuta hapahapa kwa wenyewe, ili hukumu yangu isije ikasemwa ni ya upendeleo wa damu.

Mji nilipo si mgeni kwenu kama mnavyodhani. Hii Glasgow, iliyo kubwa kuliko miji yote ya Uskoti, ndipo ilipotengenezwa ile meli ya Victoria, ambayo wengi wenu mmelala juu ya mizigo yenu ndani yake baina ya Bukoba na Mwanza: vyuma vyake vilichongwa katika kiwanda cha Yarrow, mtaa wa Scotstoun, vikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, vikaungwa huko, na meli ikaanza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyuma vya watu hawa vimetufaa sana. Taabu ni vitenzi vyao. Kazi yangu iko katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako nawalisha, nawaogesha, nawageuza vitandani na, iliyo kubwa kuliko zote, nawasikiliza. Pamoja nami yupo Mhaya mwenzetu, mtu wa Kamachumu, wilaya ya Muleba, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu mama yake husali kanisa moja na shangazi. Nitamwita Mwanakamachumu, na sehemu kubwa ya ushahidi wa barua hii imetoka katika masaibu yake, ambayo mwenyewe ameniruhusu niyasimulie kwa sharti kwamba niwaambie kuwa kidato cha nne alipata A ya Kiingereza. Nimekwisha kuwaambia.

Sasa tuingie katika insha. Mdogo wangu alikusudia kuandika kwamba siku ya soko wezi walimwibia bibi mkoba wake. Walakini Kiingereza alichokiandika, "thieves stole my grandmother", chasema kwamba wezi walimwiba bibi mwenyewe, mzima mzima, na khanga zake na fimbo yake, wakaenda naye; na mwalimu, kwa kejeli isiyomstahili mtu wa daraja lake, ameandika pembeni akiuliza kama bibi huyo amekwisha kupatikana. Hapa, Baba Mdogo, mtoto hana upungufu wa akili, bali amekuwa mwaminifu mno kwa lugha yake. Sisi kitenzi kimoja, kuiba, chatutosha, na tukitaka kumtaja aliyedhulumiwa na tendo hilo twaongeza herufi moja au mbili, basi: wezi waliiba mkoba, wezi walimwibia bibi, wala hakuna mtu, kuanzia Rwamishenye hadi Kashai, awezaye kudhani kuwa bibi ndiye aliyebebwa. Mwingereza hana kiungo hicho. Kitu kilichoibwa amekipa kitenzi chake, "steal", na mtu aliyeibiwa amempa kitenzi chake, "rob", na ukivipekua vitenzi hivyo viwili hutaona hata herufi moja vinayoshirikiana. Kiswahili, kitakapo kuongeza maana, hujenga chumba kingine kwenye nyumba ileile, chumba cha kutendea, cha kutendesha, cha kutendwa na cha kutendana, na mgeni akishaujua mlango wa mbele vyumba vyote ataviona. Kiingereza kila kipatapo maana mpya hununua kiwanja katika mtaa mwingine, na mgeni hana budi kuulizia njia upya.

Sentensi ya pili yakuhusu wewe mwenyewe, kwani mtoto ameeleza jinsi ulivyomwazima jirani baiskeli ili awafukuze wezi, naye akaandika kwamba "ulim-borrow". Mwalimu akapiga mistari miwili. Hapa pia asili ya kosa ni adabu ya kwetu, ambako kuazima ni kwa pande zote mbili: mwenye jembe huazima, na asiye na jembe huazima, na anayetaka kujua nani ni nani atazame jembe laelekea wapi. Kiingereza hakikubali ukarimu huo. Atoaye kwa muda ana "lend", apokeaye kwa muda ana "borrow", neno ambalo asili yake ya kale ilikuwa na maana ya dhamana, na kuyabadilisha ni kumgeuza mdai kuwa mdaiwa. Ukitaka kujua uzito wake, kumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Uskoti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, aliutafsiri baadaye mchezo wa Shakespeare akauita "Mabepari wa Venisi", uliochapishwa 1969, na kisa chake chote kimesimama juu ya fedha zilizokopeshwa kwa rehani ya ratili moja ya nyama ya mwilini. Humo atakayemchanganya mkopaji na mkopeshaji atakuwa amemkata asiyehusika.

Na isidhaniwe kuwa ni sisi Waafrika peke yetu tuliochanganya mambo haya. Wajerumani, ambao Emin Pasha aliwajengea boma Bukoba kando ya ziwa mwaka 1890, nao wakakaa hapo mpaka Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, wana kitenzi chao "leihen", ambacho hutumika kwa atoaye na kwa apokeaye vilevile, sawasawa na kuazima kwetu. Kwa hesabu hiyo, lau wangalibaki, insha ya mdogo wangu ingalikuwa haina kosa katika sentensi hii, na mwalimu angalikuwa amepoteza wino wake bure.

Nayasema haya kwa heshima zote, Baba Mdogo, kwa kuwa hata ule ujumbe wako wa simu ulionijia juzijuzi, ambao uliuandika kwa Kiingereza, nadhani ili uzito wake uongezeke, ulisema "borrow me three hundred thousand". Kwa Kiingereza kilichonyooka, hukuniomba nikupe fedha; uliniagiza niende kwa mtu mwingine, nikakope laki tatu kwa jina langu mimi, kisha nikuletee wewe. Niliitafakari sentensi hiyo usiku kucha, nikaona kwamba kwa bahati mbaya ndivyo mambo yalivyo hasa, kwa hiyo sikuisahihisha.

Sasa nakuja kwenye sentensi ambayo imeleta kicheko darasani mpaka mtoto akarudi nyumbani analia. Alitaka kusema kwamba bibi, kwa mshituko, alilala kitandani siku mbili. Akaandika "laid". Mwalimu akauliza pembeni: mayai mangapi? Maana "lay" ni kulaza, na ni kutaga, na "laid" ni wakati wake uliopita. Kwa hiyo asiyetaja alichokilaza huonekana ametaga. Kitenzi cha kulala ni "lie". Lakini "lie" hiyohiyo ni kusema uongo. Na "lie" ya kulala, ikiingia wakati uliopita, hugeuka kuwa "lay", ambayo tumeshaiona kuwa ni kulaza katika wakati uliopo. Ilhali "lie" ya uongo katika wakati uliopita ni "lied". Basi huku mgonjwa aliyejinyosha kitandani na shahidi mwongo kizimbani wana kitenzi kimoja asubuhi ya leo, na huachana tu watakapozungumziwa kesho. Nani atamlaumu mtoto wa Hamugembe kwa kupotea katika kichaka hiki, hali ya kuwa wenyewe wamo humohumo wanapapasa? Nesi mmoja wa hapa, mzaliwa wa Glasgow, na wazazi wake wa Glasgow, kila alasiri huwaamuru wazee "lay down", na wazee hulala bila ya kuuliza wamlaze nani.

Ajabu ni kwamba Waingereza nao zamani walikuwa na kauli ya kutendesha kama yetu, ila leo huonekana kwa kubadilika kwa irabu katikati ya neno, si kwa mkia mwishoni, na mabaki yake yangali yametapakaa katika lugha yao mithili ya misingi ya majumba yaliyobomoka. "Lie" na "lay" ni kulala na kulaza. "Sit" na "set" ni kuketi na kuketisha. "Rise" na "raise" ni kuinuka na kuinua. "Fall" na "fell" ni kuanguka na kuangusha, ingawa siku hizi hiyo ya pili hutumika kwa miti. Na "drink" ina mwanawe "drench", ambayo kwa asili ni kunywesha, na hata leo mganga wa mifugo ampaye ng'ombe dawa ya minyoo kwa chupa hulitumia neno hilo. Sisi kauli yetu tumeitunza, nasi twaitumia kila siku bila kujua kuwa ni mali. Wao yao imekufa, wakabaki kuikariri maiti yake. Mdogo wangu akiambiwa hivyo, nadhani ataacha kuviona vitenzi hivyo kuwa ni mitego iliyotegwa kwa ajili yake binafsi.

Katika aya ya mwisho ameandika kuwa siku ile alisikia njaa, akasikia baridi, kisha akasikia harufu ya senene zinazokaangwa kwa jirani, akafarijika. Kwa Kiswahili hakuna lililo safi zaidi ya hilo. Kusikia kwetu hakufungiwi masikioni. Ngozi husikia, tumbo husikia, pua husikia. Kwa Kiingereza lakini, kitenzi cha kusikia ni cha sikio tu, na mwili umegawiwa vitenzi idara kwa idara: pua ina "smell", ulimi una "taste", na ngozi pamoja na tumbo zimepewa "feel". Mwanakamachumu aliyajua haya yote katika daftari, lakini daftari halifuati mtu nje mwezi wa Januari. Siku barafu ilipoganda barabarani, aliingia kazini meno yakigongana, akamwambia msimamizi wetu kwamba anaisikia baridi. Msimamizi, mwanamke mpole asiye na mzaha usoni, alimtazama akamwuliza baridi hiyo inasemaje.

Na msimamizi huyohuyo ndiye aliyepata mtihani mwingine, ambao nauandika kwa urefu kwa kuwa niliushuhudia. Tulikuwa watatu tukimwandaa mzee mmoja kwa kuoga: maji yamekwisha kutiwa, mzee amekwisha kukalishwa kwenye kiti cha magurudumu, taulo imefunuliwa, na Mwanakamachumu akakumbuka kwamba sabuni imebaki chumba cha pili. Akaelekea mlangoni, akashika kitasa, akageuka na kusema kwa sauti ya kutuliza nyoyo, "I am coming." Kisha akatoka. Msimamizi akabaki ameishika taulo kwa ncha mbili, anautazama mlango uliofungwa, akaniuliza kwa sauti ya chini mwenzangu huyo anakuja kutoka wapi, maana yeye amemwona anakwenda. Ikanibidi nimweleze kuwa kwetu mtu anayeondoka husema "nakuja", na aliyeachwa hutulia kwa sababu ameahidiwa kwamba mwenziwe atarudi. Kiingereza nacho humruhusu mtu aseme "come" anapomwendea yule anayezungumza naye, lakini si anapomwacha. Msimamizi alilipenda jambo hilo hata akalichukua: siku hizi akitoka kwenda kunywa chai hutuambia anakuja, na hapo ndipo nilipojua kuwa amejifunza pia desturi yetu ya kutorudi upesi.

Kuhusu sentensi ya mdogo wangu isemayo kwamba alim-"remember" mama yake anunue chumvi, sina mengi: kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind", na hapo mwalimu amesahihisha bila ya kejeli, nami namshukuru. Kadhalika pale alipochanganya "do" na "make", ambazo sisi zote ni kufanya, asitafute kanuni timilifu, kwani hata wenyewe hawana; kwa sehemu kubwa ni mazoea, na mazoea hukaririwa.

Lakini ziko sentensi mbili zilizokatwa ambazo kwazo nimesimama upande wa mtoto kwa nguvu zangu zote. Ya kwanza yasema kuwa familia yake "stays" Hamugembe, na mwalimu amefuta akaandika "lives", akieleza kwamba neno la mtoto ni la mtu aliyepita njia, aliyelala hotelini. Naam, kwa Kiingereza cha vitabu ni hivyo. Walakini hapa Glasgow, penye Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 1451, mtu wa kwanza utakayezungumza naye kituo cha basi atakuuliza "where do you stay?", na makusudio yake ni yaleyale ya unakaa wapi, naye akikujibu kuwa anakaa mtaa fulani, huenda alizaliwa mtaani humo na babu yake alizikwa hapo. Ya pili ni pale alipoandika kwamba shangazi "learned" yeye kusuka mikeka, badala ya "taught". Mwalimu amepandwa na hasira kweli hapo, karatasi imetoboka. Basi na ajue kuwa Waskoti wa kawaida husema hivyo mpaka leo, hasa wakitaka kumtishia mtu kuwa watamfunza adabu, na kwamba enzi za Shakespeare watu wenye elimu yao walilitumia neno hilo kwa kufundisha bila ya kuona haya. Kwa hiyo mtoto hakukosea Kiingereza. Alikosea mji na karne.

Nikisema Waskoti wana vitenzi vyao, nadhani mtataka mfano, nami ninao ambao Mwanakamachumu hatausahau abadani. Asubuhi moja mkuu wa zamu alitoka upande wa vyumba vya mwisho, akampita haraka na trei mkononi, akamwambia kwamba ajuza wa chumba cha pembeni "is greeting". Kwa Kiingereza cha shule, hiyo ni kuamkia. Mwanakamachumu, aliyelelewa katika nyumba ambamo mdogo hupiga magoti kabla mzee hajafungua kinywa, alishikwa na aibu kubwa kwamba mzee ametangulia kuamkia. Akanyosha kola yake, akaingia ameinama, akamkuta ajuza anabubujikwa na machozi. Lakini kwa kuwa salamu ya Mhaya haikatizwi katikati, aliendelea nayo mpaka ukingoni: umeamkaje, usiku umekuwaje, watoto hawajambo, wajukuu hawajambo, na jirani je. Kumbe kwa Waskoti neno hilo ni kulia! Ni vitenzi viwili vya kale vilivyokutana sauti, kimoja kikafa kusini kikabaki hai huku kaskazini. Ajuza aliacha kulia, akamkodolea macho, kisha akaanza kujibu swali moja baada ya jingine, kwa kuwa palikuwa hapana mtu aliyemwuliza habari za jirani yake tangu alipoletwa katika nyumba ile. Na tangu siku hiyo hukataa kulishwa uji na mtu mwingine.

Wana pia "doubt" yao, ambayo vitabu vyatuambia ni kutilia shaka kwamba jambo litakuwa. Lakini Mskoti akisema ana "doubt" mvua itanyesha, chukua mwavuli, kwa maana yeye amekusudia kuwa anaogopa itanyesha. Hapo Mwanakamachumu alilowa mara kadhaa, mpaka nilipomwambia alifasiri neno hilo kwa kushuku, kama tusemavyo sisi "nashuku mvua itanyesha", na tangu hapo hana tena ugomvi na mawingu.

Nisiwaache bila ya kuwaeleza kitenzi kimoja ambacho kwacho sisi ndio wenye utajiri na Waingereza ndio maskini. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na padri au kadhi hufungisha ndoa, kila mmoja kwa zamu yake na kwa kauli yake, wala hakuna awezaye kumsingizia mwenziwe. Waingereza wana "marry" tu, na wote watatu huishika kwa pamoja. Mzee mmoja wa kike, Mkatoliki, mcha Mungu, alitoa picha ya harusi yake kutoka mtoto wa meza, akamwonyesha Mwanakamachumu kasisi aliyesimama katikati amevaa kanzu nyeupe, akasema kwa mahaba kuwa huyo ndiye aliyem-"marry", na dada zake wawili pia ndiye aliyewa-"marry", na nusu ya mabinti wa parokia. Mwanakamachumu alifanya ishara ya msalaba. Akaja jikoni kuniuliza kwa sauti ya kunong'ona kama Roma walipata habari hizo.

Basi hukumu yangu, Baba Mdogo, ni hii. Katika wino, mwalimu ana haki karibu yote, kwa maana Baraza la Mitihani halitawaleta manesi wa Glasgow kuja kusahihisha karatasi za kidato cha nne, na mtoto atakayeandika kwamba bibi aliibwa atakosa alama hata kama babu zake wote walikuwa Nshomile. Katika kejeli, mwalimu hana haki hata chembe. Mtoto huyu alisomeshwa kwa Kiswahili darasa la kwanza mpaka la saba, hesabu na jiografia na yote, akavuka mlango mmoja wa kidato cha kwanza akakuta hata ini la chura limegeuka Kiingereza; na kila kosa lililomo katika insha yake ni fikra sahihi ya Kiswahili iliyovalishwa nguo za mtu mwingine. Anayefikiri namna hiyo hafai kuchekwa, bali hufundishika upesi kuliko yule aliyekariri tu, kwa sababu makosa yake yana mantiki, na chenye mantiki huelekezwa.

Mwambie asijifunze kitenzi cha Kiingereza kwa kukiandika pembeni ya neno moja la Kiswahili, kama tulivyofanya sote, kwa kuwa hapo ndipo kuazima kunapozaa wenzi wawili na kusikia kunapozaa wanne. Akiandike pamoja na watu wake na vitu vyake: fulani hu-"steal" mkoba, lakini hu-"rob" bibi, mwenye baiskeli hu-"lend" kwa jirani, na jirani hu-"borrow" kutoka kwa mwenye baiskeli, jua hu-"rise" lenyewe, mtu hu-"raise" bendera. Kila mara ajiulize maswali mawili: kani ya tendo yatoka kwa nani, na yamwangukia nani? Maswali hayo Kiswahili humjibia mtoto mwishoni mwa kitenzi kabla hajauliza, ndiyo maana hakuzoea kuyauliza. Akiyazoea, atafaulu, na pengine siku moja atamsahihisha nesi wetu.

Nao Waingereza wana namna yao ya kupeleka salamu, ambapo humwomba mtu awa-"remember" kwa fulani na fulani. Basi nanyi mnikumbuke hivyo kwa shangazi, kwa bibi, ambaye nashukuru kusikia kuwa ni mkoba tu uliochukuliwa, kwa majirani wote, na kwa mama wa Mwanakamachumu akifika parokiani kwenu, bila ya kumweleza habari za kola.

Limebaki lile la laki tatu. Nimeituma leo asubuhi, na utaipata kwa njia ileile ya simu. Kwa Kiingereza ningeweza kusema "here is the money", na kila mmoja wetu akabaki na tafsiri yake mpaka Krismasi. Kwa Kiswahili cha kawaida ningeweza kusema nimekuazima, na ushahidi ukapotea baina ya pande mbili. Kwa hiyo nimekichagua kitenzi kwa uangalifu, mbele ya jamaa wote watakaosomewa barua hii, na naomba kisomwe polepole, hasa silabi zake mbili za mwisho: Baba Mdogo, nimekukopesha.

Wasalaam,

Mwanao mtiifu, Glasgow.